Mzee Asiyejijua na Haki ya Anayemuuguza

Katika darsa letu hapa Nakuru tumeletewa suala ambalo twaona lafaa kujibiwa hadharani. Muulizaji ni mwanamke ambaye kazi yake ni kuwatunza wazee. Asema kwamba mzee anayemwosha amepotewa na akili. Humpiga, humwuma, na juzi amemvunja jino. Alipomweleza mwajiri wake alijibiwa: "Huyo hana dhambi, wewe subiri." Je, ndivyo dini isemavyo?

Jawabu letu ni kuwa mwajiri huyo ametaja nusu ya haki na nusu ameificha. Ni kweli kwamba aliyeondokewa na akili haandikiwi dhambi. Maradhi ya kusahau humfikisha mtu kutomjua hata mwanawe. Akivuliwa nguo na asiyemtambua hudhani anashambuliwa, naye hujitetea. Au pengine ana maumivu asiyoweza kuyaeleza. Huyo halaumiwi, wala si halali kumlipiza pigo kwa pigo au kumfunga kamba.

Lakini wanavyuoni wamepambanua baina ya dhambi na dhamana. Mwendawazimu akivunja chombo cha mtu, dhambi hana, na chombo hulipwa katika mali yake. Basi ikiwa chungu kina wa kukilipia, vipi jino la binadamu likose?

Wengi wetu tumeshughulika. Humwajiri msichana kutoka Molo, Njoro au Subukia akae na mzazi wetu, au tukampeleka mzazi katika nyumba ya wazee. Hilo peke yake si kosa. Lakini amri ya kuwatendea wema wazazi tumeamrishwa sisi wana wao. Msichana yule tumemkodi kwa kazi ya mikono yake. Hatukuununua mwili wake upigwe.

Kwa hiyo ni wajibu wa mwajiri kumweleza mtumishi hali ya mzee kabla hajaanza kazi, kumwita daktari tabia ya mzee inapobadilika, kuweka watu wawili wakati wa kumwosha mzee mwenye vurugu, na kutomwacha mtumishi peke yake usiku kucha. Akijeruhiwa atibiwe na afidiwe, wala asifukuzwe kwa kuwa amesema. Hata sheria za Kenya za mwaka 2007, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa wanaoumia kazini, zimemtwika mwajiri mzigo huu.

Ama mzee mwenye akili timamu anayemtukana mtumishi kwa kabila lake, au anayemshika mwili wake, huyo hana udhuru. Mvi si ruhusa ya dhuluma, na wanawe wana wajibu wa kumzuia.

Nawe dada uliyeuliza, subira ni sifa njema kwa aliyeichagua. Haimfai kuihubiri yule anayefaidika kwa kunyamaza kwako.

Wallahu aalam.