Vikombe Vingapi Vimevunjika?



Jumamosi moja ya mvua nyingi, mvulana wetu wa miaka saba alikuwa akicheza mpira wa matambara sebuleni. Nje kulikuwa na matope, na mama yake alikuwa amemkataza kutoka. Mpira uliruka ukagonga mlango wa kabati. Kioo kilivunjika, na ile seti ya vikombe tuliyozawadiwa siku ya harusi yetu ikaanguka sakafuni. Vikombe hivyo tulikuwa tukivitoa kwa ajili ya wageni wa heshima tu.

Niliingia mbio. "Ni nani amevunja?" niliuliza, ingawa mtoto alikuwa peke yake. Mke wangu alikuja, akainama, akaanza kuhesabu vilivyopona. Nikamgeukia: "Ni wewe unayemdekeza mtoto wako." Naye akanijibu kwamba mpira huo nilimtengenezea mimi. Mvulana alisimama kando, mikono nyuma, akitutazama. Nilimpiga kofi nikamfukuza chumbani. Usiku ule mume na mke hatukusemezana.

Asubuhi, tulipokuwa tukijitayarisha kwenda Misa, mama yake alimwosha akaona jeraha kiganjani. Kipande cha kioo kilikuwa kimemkata, naye alikuwa amejifunga kwa soksi. Alipoulizwa mbona hakusema, alijibu: "Mlikuwa mnahesabu vikombe."

Tangu siku hiyo nimejiuliza: ni nini hasa kilichonikasirisha? Kama mpira ungeangusha kikombe cha bati, ningecheka na kumwambia akiokote. Mchezo ungekuwa ule ule, mtoto yule yule, mguu ule ule. Tofauti ingekuwa bei tu. Basi sikuwa nikipima kosa la mtoto. Nilikuwa nikipima hasara yangu, kisha nikamtoza yeye.

Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932, anaeleza jinsi alivyowasimulia watoto visa viwili. Katika kisa cha kwanza, mtoto anaitwa kwenda kula. Anasukuma mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna sinia la vikombe, na vikombe 15 vinavunjika. Katika kisa cha pili, mama akiwa hayupo, mtoto anajaribu kuchukua jamu kabatini. Anaangusha kikombe kimoja. Ni yupi mbaya zaidi? Wadogo walielekea kumlaumu yule wa vikombe 15. Waliokomaa kidogo waliangalia nia. Mzazi anayeadhibu kwa kufuata bei ya kitu anafikiri kama watoto wale wadogo.

Sisi Wakatoliki hatuna udhuru hapa. Tangu katekisimu tulifundishwa kwamba, ili mtu ahesabiwe dhambi ya mauti, haitoshi jambo liwe zito. Sharti awe alijua na alikubali kwa hiari yake. Tunatumaini kwamba Mungu atatupima hivyo. Mbona basi tunamnyima mtoto wetu kipimo hicho hicho?

Huenda mzazi mmoja akasema: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Ni kweli, na kumpima mtoto kwa nia yake si kumwachilia afanye atakavyo. Kama tulikuwa tumemkataza kucheza mpira ndani ya nyumba, basi amekosa utii, na kosa hilo ni lile lile hata siku ambayo hakuna kilichovunjika. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunanyamaza mara kumi mpira unapopita karibu na kabati, kisha tunalipuka mara ya kumi na moja. Sheria ya nyumba isingoje kioo kivunjike. Nyumbani kwetu sheria hiyo haikuwepo. Sisi wenyewe tulimfungia ndani na mpira wake.

Wengi wetu tulilelewa kwa kiboko. Hata hivyo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko. Tena kofi langu halikumfundisha mtoto kutunza vikombe. Lilimfundisha kuficha damu. Leo ni kiganja. Akifika miaka kumi na mitano atakuwa na mambo mazito zaidi ya kuficha.

Kuna njia nyingine. Swali la kwanza liwe: "Umeumia?" La pili: "Ulikuwa ukifanya nini?" Hasara ije ya tatu, na mtoto ashiriki kuirekebisha kwa kadiri ya umri wake. Mimi nilimwomba mwanangu msamaha. Kisha tulikwenda pamoja kwa fundi wa vioo, yeye akibeba karatasi ya vipimo, na alitoa shilingi chache alizokuwa ameweka. Alijua kwamba kitu kina gharama, bila kufikiri kwamba yeye ni wa thamani ndogo kuliko kitu hicho. Pia tulikubaliana mahali pa kuchezea mvua inaponyesha, kwa kuwa mtoto hana budi kucheza.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe, mume na mke. Mtoto akishika nambari nzuri shuleni, ni "mtoto wetu". Akivunja kitu, anakuwa "mtoto wako". Neno hilo dogo linavunja zaidi ya vikombe. Pataneni mapema kwamba aliyekasirika zaidi atatoka nje kidogo, na mwenzake aongee na mtoto. Mkitofautiana, tofauti hiyo izungumzwe chumbani, mtoto akiwa amelala.

Vikombe vinne vilipona. Havirudi tena kabatini. Tunavinywea chai kila Jumapili baada ya Misa, na kimoja ni cha mwanangu.

Kwa mazungumzo ya mume na mke:

1. Mara ya mwisho mtoto wetu alipoharibu kitu, swali letu la kwanza lilikuwa lipi?

2. Ni sheria gani ya nyumba tunayoikumbuka tu baada ya hasara?

3. Je, mtoto wetu akiumia leo, atatuambia?