Mtoto Aamkaye Usiku: Ana Kosa Gani?

Katika milima ya Lubero usiku una baridi. Huko Masereka, jua likisha kuzama, watu huingia nyumbani mapema, maana kesho yake jembe linawangoja. Mkulima hana mali nyingi. Usingizi ni sehemu ya mali yake. Akiukosa leo, kesho mikono yake italegea shambani.

Basi, ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya huko. Baba amechimba viazi mchana kutwa, na alfajiri atashika njia kwenda kuviuza sokoni Butembo. Mama amelima, amechota maji, amepika. Wana mtoto wa miaka miwili. Saa nne ya usiku mtoto analia, mama anaamka. Saa sita analia tena. Saa nane, tena. Mara ya nne baba anaketi kitandani na kusema kwa ukali: “Mama, mtoto huyu ni mkaidi. Anajua tumechoka, naye anafanya makusudi. Nipe fimbo.”

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa. Je, mtoto mdogo aamkaye usiku amekosa? Na kama hakukosa, mzazi aliyechoka ana wajibu gani kwake? Yafaa mkatekumeni ajiulize hivyo, maana amri ya nne ya Mungu wengi huijua upande mmoja tu, yaani watoto wawaheshimu wazazi wao. Kanisa hufundisha kwamba amri hiyo hiyo ina upande wa pili: wazazi nao wana deni kwa watoto wao.

Kwanza lijibiwe swali la kosa. Ili tendo liwe dhambi, sharti mtu ajue kuwa ni baya, kisha alitende kwa hiari yake. Pasipo kujua wala kutaka, hapana dhambi. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 huhesabu kwamba mtoto amepata matumizi ya akili atimizapo miaka 7. Mtoto wa miaka 2 yu mbali na umri huo. Hajui saa, hajui safari ya Butembo, wala hajui maana ya uchovu wa mtu mwingine. Atawezaje kukusudia kumwonea baba yake?

Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 na kuwa askofu wa Hipo, alilichungua neno hili katika kitabu chake cha Maungamo. Ni yule ambaye kanuni yake hufuatwa na mapadri Waasumsionisti waliofika katika nchi ya Beni mwaka 1929. Augustino hakuwa mtu wa kuwasifu watoto ovyo. Alisimulia kwamba aliona kwa macho yake mtoto mchanga, asiyejua bado kusema, akimtazama kwa wivu mwenzake wa kunyonya. Hata hivyo alikubali kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mchanga na kulilia maziwa, hakustahili kukaripiwa wakati ule, kwa sababu asingeweza kuyafahamu makaripio. Kama mwalimu mkali namna hiyo alisema hivyo, mkulima wa Masereka ashike fimbo kwa sababu gani?

Lakini baba anaweza kujibu: “Mbona akibebwa hunyamaza mara moja? Huo si ujanja?” La, huo si ujanja, ni tumaini. Mtoto amekwisha kujifunza neno moja tu katika dunia hii, kwamba akiita, yuko mtu atakayemjia. Mwenye kuliadhibu tumaini hilo hamfundishi mtoto adabu. Anamfundisha kwamba ni bure kumwita baba. Na mtoto aliyejifunza hivyo kwa baba yake wa duniani, atajifunza kwa shida kumwita Baba aliye mbinguni.

Katika Maandiko Matakatifu yuko mzee mmoja aliyeamshwa na mtoto mara tatu katika usiku mmoja. Ni kuhani Eli wa Shilo. Kijana Samweli alisikia sauti ikimwita, akadhani ni ya mzee, akamkimbilia. Eli alimwambia kwamba hakumwita, akamrudisha kulala. Ikawa hivyo mara ya pili, na mara ya tatu. Eli alikuwa mzee, na macho yake yalikuwa yamefifia. Usingizi ulikuwa haki yake. Lakini hakumpiga Samweli, wala hakumwita mwongo. Mara ya tatu ndipo alipofahamu kwamba iko sababu, naye akamwonyesha kijana la kufanya. Laiti angalimfukuza mara ya pili kwa hasira, sababu ile ingalibaki imefichika.

Hapo pana funzo kwa kila mzazi. Mtoto akiamka mara moja, abembelezwe. Akiamka mara nyingi, usiku baada ya usiku, itafutwe sababu. Na sababu zenyewe zinajulikana.

Ya kwanza ni njaa. Tumbo la mtoto ni dogo, na chakula chake hakidumu. Mara nyingi mama hurudi shambani jioni sana, na ugali ukiiva mtoto amekwisha kusinzia bila kula. Afadhali kiwepo chakula kilichowekwa kwa ajili yake mapema. Ya pili ni baridi na unyevu. Mtoto aliyelowa mkojo, tena bila blanketi, ataamka tu, hata akiwa mpole namna gani.

Ya tatu ni maradhi. Sikio linaloumwa huzidi kuuma mtoto akilala chali. Minyoo myembamba kama uzi hutoka usiku na kumwasha matakoni. Kikohozi, homa na meno yanayoota humwamsha pia. Mtoto mwenye homa, au anayepumua kwa taabu, au anayeshika sikio lake na kulia, apelekwe kwenye kituo cha afya bila kukawia. Watu wa Beni, Butembo na Masereka walijifunza kwa machozi, wakati wa ugonjwa wa Ebola tangu mwaka 2018 hata mwaka 2020, kwamba homa haifai kufichwa nyumbani.

Ya nne ni moyo. Wanande huwapa watoto majina kadiri ya zamu ya kuzaliwa, na kila mtu wa huko ajua kwamba zamu ya mdogo ikifika, mkubwa hushushwa mgongoni kwa mama. Mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, na leo amwona mwingine mahali pake, huamka usiku ili ajue kama mama angali wake. Tena wako watoto walioona mambo mazito kupita umri wao. Tangu mwezi wa Oktoba 2014, mauaji yalipoanza upande wa Beni, jamaa nyingi zimekimbia makwao na kupokewa katika nyumba za watu wengine. Mtoto wa mkimbizi akipiga kelele usiku katika nyumba ya wenyeji, asihesabiwe kuwa msumbufu. Yu mgeni, na hofu yake ni mgeni pamoja naye.

Ya tano ni mazoea. Kila mtu, hata mkubwa, huamka kidogo mara kadhaa usiku, akageuka na kulala tena, na asubuhi hakumbuki. Mtoto aliyezoea kulala mgongoni mwa mama tu, akiamka hivyo na kukuta mgongo haupo, hulia ili arudishiwe. Dawa yake ni taratibu. Alazwe saa ile ile kila jioni, baada ya kula, kuoshwa na kusali pamoja na jamaa. Awekwe kitandani angali na usingizi machoni, kabla hajalala kabisa, mama akae karibu naye. Akiamka usiku, ashikwe mkono na kuambiwa maneno machache kwa sauti ya chini. Asiwashiwe taa wala asichezeshwe. Kumpenda mtoto si kumpa kila analolililia. Ni kumpa anachokihitaji, bila ukali na bila kuchoka kurudia. Mazoea hayakuanza kwa siku moja, wala hayataondoka kwa siku moja.

Ziko dawa nyingine watu wanazozitumia, nazo ni mbaya. Kumpa mtoto kasiksi au pombe yoyote ili alale ni kumpa sumu. Usingizi ule si pumziko. Kuingiza mbabula ya makala yenye moto katika chumba kilichofungwa, ili kufukuza baridi, kumewaua watu waliolala, maana moshi wa makala usioonekana huua kimya kimya. Mzazi mlevi asilale kitanda kimoja na mtoto mdogo: katika habari ya hukumu ya mfalme Solomoni, mama mmoja alimlalia mwanawe usiku, akafa. Wengine husema mtoto amerogwa, wakamtafuta jirani wa kushtakiwa. Hao huongeza juu ya kilio cha mtoto dhambi ya kumsingizia mtu.

Lililo baya kuliko yote ni kumtikisa mtoto kwa nguvu ili anyamaze. Shingo yake haijakomaa. Ubongo wake huweza kuumia na kutoka damu, naye akafa au akabaki kilema. Tendo la nukta chache halifutiki maisha yote.

Je, mzazi akisikia hasira moyoni, amekwisha kutenda dhambi? Hapana. Uchovu si dhambi, na hasira inayoruka moyoni bila kuitwa si dhambi bado. Dhambi huanza mtu anapoikaribisha, akaipa mkono wake na ulimi wake. Mama aliyeona kwamba mikono yake inatetemeka kwa hasira, amlaze mtoto mahali salama, atoke mlangoni, avute pumzi, amwamshe mtu mwingine. Mtoto aliaye kidogo katika mahali salama hakuonewa. Na mama huyo asione haya kuomba msaada, maana hakuna agizo la Mungu lisemalo kwamba usiku wote ni wa mwanamke peke yake.

Hapo ndipo wababa wengi hukosa. Baba husema: “Mimi nina kazi kesho.” Je, mama hana? Jembe lake halilali, wala mtungi wake haujazi maji wenyewe. Mtoto aliombwa kwa Mungu na watu wawili. Si haki amkeshee mmoja. Tena katika siku ya arusi mume aliahidi uaminifu katika taabu na katika raha, naye hakusema kwamba usiku hautahesabiwa. Mume akimbeba mtoto saa nane ili mke alale hata alfajiri, hakupungukiwa na heshima. Mtakatifu Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na mama yake, akashika njia ya Misri. Hakungoja kupambazuke.

Sasa turudi kwenye nyumba ile ya Masereka. Mama hakumpa mume wake fimbo. Alimwambia kwa upole: “Baba, mshike kwanza, uone.” Akamshika. Mkono wake ukagusa sikio la mtoto, na sikio lilikuwa la moto. Mtoto akashtuka kwa maumivu. Baba akanyamaza. Fimbo ile, kama angaliipata, ingaliangukia mtoto mgonjwa, naye asingalijua hata siku ya kufa kwake.

Akamvika mtoto blanketi, akamweka begani, akatembea naye chumbani taratibu hata majogoo. Alfajiri, badala ya kwenda Butembo, alimbeba mtoto mpaka kituo cha afya. Viazi viliuzwa siku ya soko iliyofuata. Yawezekana bei ilipungua kidogo.

Bali si kila usiku sikio litakutwa la moto. Usiku mwingine mzazi atatafuta sababu asiione, naye atakesha bure, kadiri anavyodhani. Hata hivyo hakukesha bure. Mtoto hatakumbuka usiku ule, lakini atakua akiwa mtu aliyezoea kuitikiwa. Naye mzazi atakuwa amejifunza kumtumikia mtu asiyeweza kumlipa wala kumshukuru. Mkatekumeni anayejiandaa kwa Ubatizo asidhani kwamba mapendo kwa jirani huanzia mbali. Jirani wa kwanza amelala chumba kile kile, naye huita usiku.