Ulishafaulu, Sasa Soma

Mjukuu wangu, umeniambia kwa fahari kwamba muhula huu umemaliza vitabu vyote vya fasihi, na nilipokuuliza kipi kilikunyima usingizi, ukaanza kunitajia maudhui. Sikushangaa. Nimefundisha hapa Nakuru hadi nikastaafu, na mambo ni yale yale. Mwanafunzi hununua riwaya na mwongozo wake siku moja. Mwongozo unachakaa, riwaya inabaki mpya. Akifika chuoni, iwe Egerton kule Njoro au Kabarak, mwongozo unageuka makaratasi ya kutoa nakala kibandani. Mtihani ukiisha, yanafungiwa mandazi.

Sikulaumu. Karo ni ghali, kazi za darasani hazingoji, na kila mtu hupunguza mzigo pale anapoweza. Lakini itazame hasara yake.

Chukua Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ile riwaya uliyoifanyia mtihani wa KCSE. Mna Ridhaa mle, daktari aliyechomewa nyumba na jamaa zake wakaangamia, na miongoni mwa waliomfanyia hivyo alikuwamo Mzee Kedi, jirani yake. Watahiniwa walipanga sifa za Ridhaa hoja kwa hoja, wakapata alama zao. Wengi walikuwa watoto wa hapa hapa. Wazazi wao walilala uwanja wa maonyesho mapema 2008, wakikimbia ghasia zilizofuata ule uchaguzi wa Desemba 2007, wakiwa na godoro na sufuria walizowahi kuokoa. Na wengine, tuseme ukweli, walikuwa majirani waliozima taa wakajifungia ndani. Nimewauliza baadhi ya vijana hao kama kitabu kiliwafanya wawaulize wazazi wao siku zile zilikuwaje. Wananiambia wazo hilo hata halikuwajia.

Hapo ndipo ninapochoka. Alama ziliingia, kitabu hakikuingia. Na uchaguzi huja kila miaka mitano. Atakayekuja kukuchonganisha na jirani hatakuja na karatasi ya maswali. Atakuja akicheka, noti mkononi, akikuita ndugu. Aliyekaa na Ridhaa ukurasa kwa ukurasa huenda akasita, akakumbuka moto ule, akarudi nyumbani kwake. Aliyekariri sifa zake tu ameshazisahau.

Kitabu ni kama githeri: hutaka moto mdogo na subira, ukikiharakisha utaumwa na tumbo.

Najua pia kwamba kulazimishwa huua hamu. Na kukatazwa huichochea: Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971, kule Tanzania ikapigwa marufuku shuleni, na bado ikaishi, hata ikaja kufundishwa madarasani. Ndivyo tulivyoumbwa: tukikatazwa tunanyemelea, tukisukumwa tunakimbia. Ndiyo maana mtu mzima anayetaka kusoma lazima ajitafutie njia yake, mbali na kengele ya darasa. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ilisomwa na wengi kwa ajili ya mtihani, lakini nimewaona watu wakiirudia wakiwa na watoto wao mapajani, hakuna aliyewatuma.

Basi sikuambii utupe mwongozo. Utafeli, na mamako atanijia juu. Nakuomba jambo moja dogo. Chuo kikifungwa, chukua kitabu ambacho alama zake ulishazipata, ukisome upya bila kalamu mkononi. Kisome kwenye matatu ya Njoro, kisome ukingoja maji yachemke. Ukifika mahali panapouma, usiruke. Hapo ndipo mwandishi alipokuwa akikungoja. Ukichoka, kiweke, urudi kesho. Hakuna anayekuhesabia.

Anza na Chozi la Heri. Halafu nenda kwa mamako umwulize kuhusu mwaka 2008. Ana mengi ya kusema, na miaka yote hii hajaulizwa.