Ufunguo wa Mlango



Mimi ni fundi wa nguo, na nina wasichana watatu wanaonifanyia kazi. Januari shule moja ilinipa oda ya sare, nikaahidi siku nne. Usiku nikawa nawafungia kwa kufuli, nje, kwa sababu ya wezi, halafu naenda kulala. Mmoja akaniuliza, "Mama, na moto ukitokea?" Nikamjibu, "Ashindwe! Damu ya Yesu itawafunika. Shona."

Wiki hiyo mteja akaleta shati la mtumba nilipunguze. Lebo ilisema limeshonwa Bangladesh. Nikakumbuka Rana Plaza.

Hilo lilikuwa jengo la ghorofa nane huko Savar, karibu na Dhaka, lenye viwanda vya kushona nguo za kupelekwa Ulaya na Marekani. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilipasuka, watu wakatolewa nje. Kesho yake benki na maduka ya chini hayakufunguliwa. Lakini washonaji waliamriwa warudi kazini, wengine wakitishiwa kukosa mshahara. Asubuhi hiyo jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134, wengi wao wanawake.

Damu yao iko juu ya nani? Mwenye jengo aliongeza ghorofa bila kibali. Meneja alisema oda lazima iishe. Mnunuzi wa ng'ambo alitaka nguo haraka na kwa bei ya chini. Nasi wateja tulifurahia bei. Kila mmoja alikuwa na mwingine wa kumnyooshea kidole.

Kuna atakayesema tusinunue nguo hizo. Lakini oda zikiisha, hao akina mama watalisha watoto nini? Kazi waliihitaji. Walichokosa ni uwezo wa kusema, "Leo siingii," na bado wakale. Mwezi uliofuata makampuni mengi ya ng'ambo yalitia sahihi mkataba na vyama vya wafanyakazi: majengo yakaguliwe, na mfanyakazi aweze kukataa kuingia penye hatari. Kumbe iliwezekana, ila watu walikufa kwanza.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka, damu ikamkalia. Mungu hakumwambia aombe tu watu wasianguke. Alimwambia ajenge ukingo.

Hapo nilijiona. Nimekuwa nikiita imani kitu ambacho kilikuwa haraka yangu ya pesa. Bangladesh ni mbali, lakini kufuli ilikuwa mkononi mwangu.

Nilipigia shule simu, nikaomba siku mbili zaidi. Mwalimu alinung'unika, akakubali. Siku hizi hatushoni usiku, na mlango una komeo la ndani.

Ndugu yangu, unayeajiri hata mtu mmoja, na wewe unayetaka mzigo ufike leo leo: ufunguo wako uko wapi?