Mahali pa okidi: kuficha ni kosa ao ni ulinzi?



Kuna ulizo moja ambalo halijatuacha tangu masika yaliyopita. Tunaliandika hapa kwa sababu ni ulizo la roho, hata kama kwa kuliangalia mbio linaonekana ni ulizo la majani tu. Ulizo ni hili: mtu akijua mahali panapoota chakula, na jirani yake ana njaa, anaweza kunyamaza bila kukosa mbele ya Mungu? Karibu kila mmoja wenu atajibu mara moja: hapana, hawezi. Tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana chakula tunachosema ni kikanda.

Kikanda, kila mtu wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kasumbalesa anakijua. Mamama wanakitembeza sokoni ndani ya beseni, kimekatwa vipande sawa mkate, rangi yake ya kahawia, na mgeni akila bila kuambiwa anaweza kufikiri ni namna ya nyama. Wanakifanya hivi: viazi vidogo vinaanikwa, vinatwangwa kuwa unga, unga unachanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi ao maji ya majivu. Wanapika huku wanakoroga mpaka kigande, kisha wengine wanaweka makala ya moto juu ya kifuniko ili hata upande wa juu uive. Ni chakula kizuri. Tumekila tangu utoto na hatuna neno baya juu yake. Lakini muulize kijana wa mjini viazi vile ni vya nini, atakuambia labda ni ndugu wa muhogo. Sivyo. Ni viazi vya maua. Ni okidi, zile za namna ya Disa, Satyrium na Habenaria, zinazoota zenyewe katika madembo na juu ya nyanda za juu. Hakuna mama anayelima kikanda sawa anavyolima muhogo. Kila kipande kimetoka kwa mmea wa pori, ambao mtu aliuona, akapiga magoti, akachimba.

Basi masika yaliyopita, tangu mwezi wa kumi na mbili mpaka mwezi wa tatu, sisi pamoja na vijana sita wa parokia tulifanya desturi ya kutoka kila siku ya posho asubuhi, kwenda kuangalia viumbe katika dembo moja lisilo mbali sana na mji. Jina lake hatuliandiki, na mtaona sababu. Tulikwenda kuangalia tu. Hakuna mtego, hakuna panga, hakuna gunia. Watu walitucheka. Mtu wa miaka zaidi ya makumi ine, mwenye watoto, anatembea katika majani yenye umande ili aone ndege! Wengine walisema ni uvivu uliovaa koti. Sisi tunafikiri kuangalia kitu bila kutaka kukichukua ni kazi, tena ni kazi ambayo wengi wetu hatujafundishwa, kwa sababu maisha yametufundisha kuuliza kwanza: hii inaliwa? inauzwa kiasi gani?

Tuliona mengi. Wale ndege weusi wenye mkia mrefu, wanaoruka juu ya majani sawa kitambaa kilichotupwa hewani. Mumbi wanne wakitembea polepole pamoja, sawa wazee wanaokwenda kukata shauri. Nyayo za kulungu katika matope, ingawa kulungu mwenyewe hatukumwona hata siku moja. Vyura usiseme. Na vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo tunapita kando yao kila siku bila kuvihesabu kuwa kitu: mwaka wa 2015 wataalamu walitangaza kwamba walipima udongo wa vichuguu kadhaa vya huku kwetu, wakakuta kimoja kina umri wa miaka zaidi ya 2000.

Okidi zilikuja kisha Mwaka Mpya. Mtu anaweza kutafuta saa nzima asione hata moja, miguu imelowa, roho imechoka. Kisha anaona moja, imesimama mpaka magotini, ua lake jekundu la kukaribia rangi ya machungwa, na pale pale macho yanafunguka, anaona kumi ambazo alikuwa akizipita. Nyingine ni za manjano, nyingine nyeupe zenye kijani, na kati ya hizo nyeupe kuna zinazotoa harufu jioni tu, kwa kuwa zinawangojea vipepeo wa usiku. Siku moja, juu ya mteremko mmoja, vijana walihesabu maua 140, kisha wakaacha kuhesabu.

Tulipokuwa tunarudi siku ile tulikutana na mamama wawili na mtoto wa kike, wenye jembe ndogo na mfuko. Tulisalimiana. Mkubwa wao akauliza: «Baba, mnatafuta nini huku?» Tukajibu: maua. Akacheka sana. «Sisi pia tunatafuta maua. Lakini ninyi mnataka ya juu, sisi tunataka ya chini.» Kisha akauliza bila kucheka tena: «Kule mnakotoka, yako mengi?» Vijana wote wakatutazama. Tukasema: «Mama, yako. Lakini hatutaonyesha.» Akanyamaza kidogo, akapanga vizuri kitenge chake, akasema: «Baba, wewe leo asubuhi umekula?»

Ndugu, hapo ndipo ulizo lilipotushika.

Mbele ya kumjibu mama yule, inafaa kujua anachimba nini hasa. Okidi ya dembo kwa kawaida ina viazi viwili chini ya udongo. Kimoja ni cha zamani, kimelegea na kukunjamana, kwa sababu kimelisha jani na ua la mwaka huu. Kingine ni kipya, kigumu, chenye maji. Hicho ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kigumu. Anayekula kikanda anakula ua la mwaka ujao. Mtu atasema: kuna mbegu. Ni kweli, ganda moja la okidi lina mbegu maelfu, na kwa namna nyingine hata mamilioni, ndogo sawa vumbi. Lakini mbegu hizo hazina chakula ndani yao sawa punje ya mahindi. Zinapashwa kukutana katika udongo na kuvu, ndugu mdogo wa uyoga, anayezilisha mpaka ziote. Jambo hilo liligunduliwa mwaka wa 1899 na Mfaransa Noël Bernard, kijana aliyekuwa katika utumishi wa jeshi, alipokuwa akiangalia mimea midogo katika msitu wa Fontainebleau. Tunapenda habari hiyo: askari anatembea, anainama, anaona kitu ambacho matajiri wenye kufuga okidi walikuwa wamekihangaikia bila kukijua. Mbegu nyingi hazikutani na kuvu, zinakufa. Tena mara nyingi mmea unachimbwa kabla mbegu hazijakomaa, kwa sababu ni ua lenyewe linalomwonyesha mchimbaji mahali pa kupiga jembe.

Tena mama yule hachimbi kwa chungu chake tu. Zamani kikanda kilikuwa chakula cha vijiji vya watu wa Kibemba na jirani zao. Leo kinaliwa katika miji yote mikubwa ya Zambia, na kwa kuwa okidi za Zambia hazitoshi tena, viazi vinatoka Tanzania, Angola, na huku kwetu Kongo. Katika kusini ya Tanzania kuna uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu juu ya wingi wa maua yake. Wataalamu wamehesabu pale aina 45 za okidi za ardhini. Wachimbaji walifika hata pale, na mwaka wa 2005 serikali ya Tanzania ikaufanya kuwa hifadhi ya taifa. Kuna pia mapatano ya mataifa, yale ya Washington ya mwaka wa 1973, ambayo nchi yetu, ikiitwa Zaire, iliingia mwaka wa 1976: okidi zote za pori hazipashwi kuvuka mpaka kwa biashara bila ruhusa. Lakini karatasi hiyo haikai mlangoni mwa dembo.

Vijana walituletea mfano wa Uingereza, nao tuliupenda mpaka tulipoupima. Kule kuna okidi moja nzuri sana, Cypripedium calceolus, yenye umbo la kiatu. Watu waliichimba na kuiuza mpaka mwaka wa 1917 ikatangazwa kuwa imekwisha. Mwaka wa 1930 mmea mmoja ukaonekana katika jimbo la Yorkshire. Walioujua hawakumwambia mtu; walitunza siri ile miaka mingi sana na kuulinda wakati wa maua. Baadaye mimea iliyooteshwa kwa mbegu ilirudishwa porini, na mwaka wa 2000 mmoja wao ukatoa ua. Bila kinywa kilichofungwa, ua lile lisingekuwapo. Ni kweli. Lakini wale walioficha walikuwa wanamficha nani? Watu wa kukusanya maua, wenye bustani na feza. Hakuna aliyelala njaa Yorkshire juu ya siri ile. Sisi tulimficha mama mwenye mtoto na mfuko mtupu. Hatuwezi kuazima jibu lao kama lilivyo.

Tunao mfano wa hapa nyumbani unaokwenda njia nyingine. Katanga kuna ua la shaba, Haumaniastrum katangense, linalopenda udongo wenye shaba ambao mimea mingi haiwezi kuuvumilia. Ua lile limetumiwa kutafuta shaba. Hakuna aliyelificha, na vilima vingi ambavyo maua ya namna hiyo yalikaa sasa ni mashimo. Baba zetu walikula kwa mashimo hayo, hatutalia machozi ya uongo. Lakini tunajua pia nani aliondoka na shaba na nani aliachiwa shimo.

Sasa, kuna maneno ambayo tunasikia kila mara: nikiacha mimi, mwingine atachukua. Maneno hayo yana nguvu kwa kuwa mara nyingi ni kweli. Mashimo tuliyoyaona mwezi wa pili yalikuwa ya watu wengine, si ya mama yule. Lakini angalieni maneno haya yanafanya nini: yanachukua kosa la mtu ambaye bado hajafika na kuligeuza kuwa ruhusa yangu. Kwa hesabu hiyo kila mwizi angekuwa na haki, kwa sababu nyuma yake kuna mwizi mwingine. Mmoja wa vijana akasema hata nguruwe wa mwitu anachimba. Ndiyo, anachimba mpaka anashiba, kisha anakwenda. Nguruwe hana mnunuzi anayemngojea barabarani na kamyo. Na Sheria ya Musa ilijua tofauti hiyo tangu zamani: anayekuta kiota njiani ameruhusiwa makinda, lakini mama anapashwa kumwacha aende. Kwa okidi, jembe linachukua mama na kinda mara moja.

Basi tulifikiri hivi. Kumficha mnunuzi wa magunia si kumnyima mtu chakula. Ni kufunga mlango wa nyumba ya watoto wetu wote, pamoja na watoto wa mama yule, ambaye miaka mitano mbele atatembea siku nzima asipate kitu. Hapo tunanyamaza bila hofu. Lakini kunyamaza mbele ya mama mwenyewe ni jambo lingine. Aliyeshiba akimwambia mwenye njaa «hifadhi maua», amesema neno la kweli kwa gharama ya mwingine. Siri ile ina bei, na si haki mama ailipe peke yake. Kama sisi ndio tunaotaka ua libaki, sisi tunapashwa kutoa kitu mfukoni mwetu. Wengine kati ya wazee wa kanisa hawakukubali. Walisema parokia haikuundwa juu ya kulinda majani, na feza ya wagonjwa haitoshi. Ni neno la haki, nasi hatukugusa feza ya wagonjwa. Tulitoa wenyewe, pamoja na wazazi wa vijana wawili.

Mamama wote wawili walipewa makopo ya karanga za mbegu na sehemu ya shamba la parokia kando ya mto, kwa mvua mbili. Karanga zinahitajiwa sokoni kila siku, hata na wale wanaopika kikanda. Mama mkubwa alipokea, akashukuru, akasema wazi kwamba karanga zinakomaa kisha miezi ine na watoto wanakula kila jioni. Bado anachimba mara moja moja. Hatumwulizi anachimba wapi, naye hajatuuliza tena juu ya ule mteremko.