Labani, Yakobo, na Watoto wa Mpakani

Somo: Mwanzo 31



Mlango huu wa 31 hauhubiriwi sana. Twaupita upesi, maana twataka kumfikisha Yakobo penye kivuko cha Yaboki na kwa Esau ndugu yake. Lakini mtu akaaye Sirari akiusoma polepole ataona ndani yake habari za jirani yake.

Yakobo aliondoka kwa siri, Labani alipokuwa amekwenda kukata manyoya ya kondoo. Akawapandisha wake zake na watoto wake juu ya ngamia, akavuka Mto. Siku ya tatu Labani akapata habari, akamfuata mwendo wa siku saba, akamkuta katika milima ya Gileadi. Hapo wakateta. Yakobo akahesabu miaka yake ya utumishi, 14 kwa ajili ya wake na 6 kwa ajili ya wanyama. Labani naye akadai ya kuwa binti ni wake, na watoto ni wake, na wanyama pia. Kila mmoja alikuwa na hesabu, wala hesabu ya mmoja haikuwa ya bure kabisa. Lakini tafuteni katika mlango mzima mahali mtoto alipoulizwa neno. Hamtapaona. Raheli na Lea waliulizwa, wakajibu. Watoto kumi na wawili, Yusufu akiwa mdogo wao, wameketi juu ya ngamia pamoja na mizigo.

Shauri hili ni letu. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walipatana habari za mpaka, wakapiga mstari toka pwani mpaka Ziwa, na nchi ya Wakuria ikakatwa vipande viwili. Wairege wako huku na huko. Wanyabasi vivyo hivyo. Twaoana kama kwamba mstari haupo. Lakini ndoa ikivunjika, mstari waonekana mara moja. Mama amchukua mtoto, avuka kwenda kwa kaka zake upande wa Isebania. Au baba amtuma nduguye amchukue mtoto usiku. Ndipo wazee huuliza swali moja tu: ng'ombe walitolewa na nani? Hata katika nyumba ntobhu, mwanamke akimwolea nyumba yake mwanamke mwenzake ili apate mrithi, swali ni hilo hilo. Sidharau ng'ombe. Mahari yaliunganisha jamaa zetu tangu zamani, nami nilitoa. Lakini ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya ndoa hawakuwa bei ya mtoto.

Sasa sina budi kuungama neno langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa usharika niliokuwa nikiutumikia alinijia jioni. Mkwewe alikuwa ameondoka na mtoto wa kiume, akakaa ng'ambo, akiuza nafaka sokoni, na mtoto akasoma shule ya huko. Mzee aliomba barua yenye muhuri wa kanisa, ya kwamba mtoto alibatizwa kwetu na ni wa nyumba yake. Nikaandika. Kila neno la barua ile lilikuwa kweli. Vijana wakaichukua, wakavuka, wakamkamata mtoto alipokuwa akitoka shuleni, wakampandisha pikipiki, wakarudi kwa njia ya panya wasipite penye maofisa. Mtu alipowauliza njiani, walionyesha barua yangu.

Jumapili ya pili nilimwona kanisani, ameketi kati ya baba zake wadogo. Hakuimba. Baada ya ibada alinipa mkono, akasema, "Shikamoo, Mchungaji. Mama anajua niko hapa?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa nimemtendea kama watu wa Gileadi walivyowatendea wale waliokuwa juu ya ngamia.

Nikaenda kuuliza kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii, jambo lililonipasa kulifanya kabla ya kushika kalamu. Nikajifunza hivi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaagiza ya kwamba katika kila shauri la mtoto, faida yake yeye itangulie. Na mtu yeyote ajuaye ya kuwa haki ya mtoto inavunjwa, imempasa kupeleka habari kwa serikali ya mahali pake. Mtu yeyote, maana yake mchungaji pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kusema zamani ya kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 yadhaniwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa imethibitika vingine. Ya kwamba aliyefikia kuwa na shauri lake asikilizwe. Na ya kwamba mahakama itazame ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha huku na huku. Desturi za jamii zatajwa humo, ila si za kwanza. Ng'ambo nako, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yafuata njia hiyo.

Basi shida i wapi? Shida ni mstari. Hukumu iliyotolewa Migori haivuki yenyewe mpaka Tarime. Sharti mtu aipeleke mbele ya mahakama za huku, na mjane au maskini hana nauli. Mataifa mengi yalipatana huko The Hague mwaka 1980 ya kwamba mtoto aliyevushwa mpaka pasipo haki arudishwe upesi nchi aliyokuwa akikaa, shauri likakatwe huko, ili mwenye kunyakua asipate faida kwa mbio zake. Hata kufika mwaka 2024 Tanzania na Kenya hazikuwamo katika mapatano hayo. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya mbio huweza kujiona ameshinda.

Lakini mapatano yale yale yamwachia hakimu nafasi ya kukataa kumrudisha mtoto penye hatari kubwa, nami nayaona kuwa na hekima katika hilo. Maana kati ya watoto wa Yakobo alikuwamo Dina. Nanyi mnajua mwezi wa Desemba kwetu, hasa katika miaka ya ngariba. Msichana huvushwa mpaka akakeketwe ng'ambo, na mwingine huvushwa na mama yake akimkimbiza kisu. Kwa macho, safari hizo mbili zafanana. Mwaka 2019 serikali za Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia zilikutana Mombasa kwa ajili ya ukeketaji huu wa kuvuka mipaka. Kwa hiyo mwinjilisti asiseme upesi, "Mtoto arudishwe kwao." Aulize kwanza, anarudi kwa nani, na kufanywa nini.

Tazameni jinsi shauri la Gileadi lilivyokwisha. Walikusanya mawe, wakafanya rundo liwe shahidi. Labani akaliita kwa lugha yake, Yakobo kwa lugha yake. Rundo moja, majina mawili. Wala Labani hakuomba kurudishiwa mahari. Aliomba binti zake wasiteswe, akamtaja Mungu awe shahidi pasipokuwapo mtu wa kuona. Alfajiri akawabusu watoto, akawabariki, akarudi kwake.

Rundo la namna hiyo twaweza kulifanya sisi, maana kanisa liko pande zote mbili. Mtu akija kuomba barua ya mtoto, mwandikieni kwanza mchungaji wa upande wa pili, mama au baba wa huko apate kusikia. Mwulizeni mtoto, peke yake, si mbele ya wazee. Kisha mpelekeni mwombaji kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii na mahakamani, mkaenda pamoja naye, kwa sababu wengi huogopa mlango ule kuliko simba.

Yule mtoto shauri lake lilisikilizwa, naye akasikilizwa. Alirudi kwa mama yake na shuleni kwake. Mzee alininunia karibu mwaka mzima. Sasa kila likizo baba yake humngoja Sirari mchana, penye maofisa, na barua ya mama huwa mkononi mwa mtoto mwenyewe, naye huvuka kwa miguu yake.