Nishani ya Ushujaa Yapima Nini?



Hapa Isaka reli itokayo Tabora kwenda Mwanza yakutana na barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Watu wa kila namna hupita hapa, na wengi wao ni vijana waendao machimboni, au watokao huko, upande wa Kahama na Geita. Kijana mmoja wa hao alitujia baada ya ibada ya Jumapili, akafungua kitambaa, akatuonyesha nyota ya madini ya rangi ya njano, yenye ncha sita. Alisema ni ya babu yake, aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, naye amekwisha kufariki siku nyingi. Nyumbani kwao palikuwa na shida, kwa hiyo alikuwa ameipeleka nyota ile kwa mnunuzi wa dhahabu. Mnunuzi aliipima, akacheka, akamrudishia. Si dhahabu, ni shaba iliyochanganywa na zinki.

Kisha kijana akapatwa na aibu ya pili. Mtu mmoja mwenye elimu alimwambia ya kuwa nyota ya Burma si nishani ya ushujaa hata kidogo. Walipewa wote waliotumika katika vita vile, mpiga bunduki na mpishi sawasawa. Basi akatuuliza, "Mchungaji, je, babu yetu hakuwa shujaa?"

Siku ile tulimjibu maneno machache, nayo hayakututosheleza sisi wenyewe. Tangu hapo tumelifikiri swali lake, nasi twapenda kulifikiri tena pamoja nanyi, maana si swali la nyumba moja tu. Nishani ya ushujaa yapima nini? Na asiyepewa, je, amepungukiwa na nini?

Kwanza na tutenge mambo mawili. Ziko nishani zisemazo, "Mtu huyu alikuwapo." Nyota ya Burma ni ya namna hiyo. Ziko nyingine zisemazo, "Mtu huyu alitenda neno ambalo si kila mtu alitenda." Hizi ndizo za ushujaa. Kati ya Waingereza iliyo kubwa kuliko zote ni Msalaba wa Victoria, uliowekwa mwaka 1856. Nao si wa dhahabu, ni wa shaba nyeusi. Yule mnunuzi angeucheka vilevile. Hapo twajifunza neno la kwanza, ya kwamba heshima haikai katika madini, bali katika ushuhuda. Nishani ni ushuhuda uliofanywa kuwa kitu cha kushikwa mkononi. Lakini kila ushuhuda wahitaji shahidi, na shahidi huona upande aliosimama tu.

Na tutazame mfano mmoja. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito katika nchi ya Uhabeshi, kikosi cha sita cha King's African Rifles, ambacho askari wake walikuwa watu wa Tanganyika, kilikuwa kimevuka mto na kuwafukuza Waitalia. Mara vifaru vya adui vikarudi kwa ghafula. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alikuwa amekwisha kuzimaliza risasi za mzinga wake mdogo. Akarukia juu ya kifaru kilichokuwa karibu kuwaponda wenziwe, akafungua mfuniko, akawapiga waliokuwamo kwa bastola, isipokuwa dereva. Alipoona mzinga wa kifaru kile haumtii, alishuka akavikimbilia vifaru vingine kwa miguu. Akarukia kimoja tena, na hapo ndipo alipouawa. Alikuwa na umri wa miaka 28. Mwezi wa Novemba 1945 alitangazwa kuwa amepewa Msalaba wa Victoria.

Hatusemi ya kwamba hakustahili. Mtu aliyeutoa uhai wake ili wenziwe wasipondwe amestahili heshima, wala si haki kuipunguza. Lakini lisomeni tangazo lenyewe. Lasema ya kwamba alipovikimbilia vifaru vile hakuwa peke yake. Alikuwapo sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili. Nchi waliyoipita ilikuwa ileile, na risasi zilikuwa zilezile. Majina yao hayamo katika tangazo. Wala katika vita vile vyote hakuna askari Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyepewa Msalaba huo. Tena tangu mwaka 1903 hata 1942 askari Waafrika wa King's African Rifles waliwekewa medali yao ya peke yao ya mwenendo bora vitani, mbali na ile waliyopewa askari wa Kiingereza. Basi twaona ya kuwa mizani haikuwa moja kwa watu wote.

Tena shahidi aweza kukosea hata kwa yule ampendaye. Mwaka 1940 Kapteni Eric Wilson, aliyeongoza askari Wasomali huko Tug Argan, alipewa Msalaba huohuo kama mtu aliyekufa. Kumbe alikuwa hai, mfungwa mikononi mwa Waitalia! Aliishi hata mwaka 2008, na katikati ya miaka hiyo alifanya kazi ya utawala katika Tanganyika hata 1961. Ikiwa serikali yaweza kukosea katika jambo lililo wazi kama uhai na mauti, je, haiwezi kukosea katika jambo lililofichika kama moyo wa mtu?

Labda msomaji mwingine atasema, "Kama ni hivyo, na ziondolewe nishani zote, maana zaonea wengine na kuwavimbisha wengine vichwa." Neno hili lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Mababa wa nchi hii walilijua jambo hili kabla ya nishani kuja. Katika Usukuma mtu aliyemwua simba mla ng'ombe alipewa heshima kubwa. Alicheza ngoma toka mji hata mji, na watu wakamtunza, hata kwa ng'ombe. Ilikuwa shukrani iliyo haki, maana alikuwa amesimama kati ya mnyama na mali ya jamaa. Lakini zawadi zilipozidi kupendwa, walitokea watu waendao porini kuwatafuta simba wasiomdhuru mtu ye yote, ili wapate kucheza na kutunzwa. Ngoma ni ileile na ngozi ni ileile, lakini ushujaa umekwisha kutoka ndani yake. Yule wa kwanza alikwenda kwa ajili ya zizi la jirani yake, na huyu wa pili aenda kwa ajili ya jina lake.

Martin Luther naye aliliona jambo hili. Mwaka 1526 aliandika kitabu kidogo kujibu swali la askari mmoja, kwamba je, askari naye aweza kuwa katika hali ya wokovu? Hakuukataa utumishi wa askari aliyetumwa kwa haki kuwalinda watu. Lakini aliwaonya wale waendao vitani kwa ajili ya kutafuta sifa tu. Kazi yaweza kuwa njema, na mtu aitendaye akawa amekwisha kuiharibu kwa nia yake.

Hata hivyo hatuwezi kusema nishani zote ziondolewe. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, sura ya 13, ahesabu heshima kuwa miongoni mwa madeni tuliyo nayo kwa watu. Jamii isiyoshukuru huwafundisha watoto wake kujipenda nafsi tu. Kwa hiyo swali si kama tuheshimu, bali ni kitu gani tukiheshimu. Je, nishani yasifu kuua?

Twajibu ya kuwa isiwe hivyo. Hata katika habari ya Colito, kilicho chema si kwamba watu waliuawa ndani ya kifaru. Hao nao walikuwa na mama zao, na machozi ya mama wa Italia hayana tofauti na ya mama wa Unyamwezi. Kilicho chema ni kwamba mtu mmoja aliichukua juu yake hatari iliyowaelekea wengi. Mkristo aweza kuiheshimu hiyo, lakini asiifurahie damu iliyomwagika. Na ili tusidanganyike katika kupambanua, yafaa tuwatazame watu ambao ndani yao ushujaa umetengwa kabisa na kuua.

Barabara ipitayo mlangoni petu yafika Kigali. Huko, mwaka 1994, katika siku za mauaji makuu, alikuwako Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, mtazamaji wa Umoja wa Mataifa, asiye na silaha. Aliwachukua watu waliokuwa wakitafutwa wauawe, wachache wachache katika gari lake, akawapitisha katika vizuizi vya wauaji. Silaha yake ilikuwa ulimi wake, na mzaha, na sigara alizowagawia walinzi wa vizuizi. Mamia waliokoka kwa mkono wake. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilianguka karibu na gari lake penye kizuizi, akafa. Hakuwa wa dini yetu, alikuwa Mwislamu. Nasi tuliousoma mfano wa Msamaria tangu utoto wetu hatuna budi kunyamaza na kujifunza. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka nishani yenye jina lake, ya ushujaa upitao kiasi.

Baada ya jamaa ya Diagne mwenyewe, nishani hiyo alipewa askari wa Malawi, Chancy Chitete. Mwezi wa Novemba 2018, karibu na Beni katika Kongo ya mashariki, majeshi ya Malawi na ya Tanzania yalikuwa yakipigana bega kwa bega chini ya Umoja wa Mataifa. Askari mmoja wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, hawezi kwenda kwa miguu, na adui wakaribia. Chitete alimburuta mpaka mahali pa usalama, na yeye mwenyewe akapigwa risasi, akafa. Mtanzania akapona. Nishani ilitolewa mwaka 2019, mwenyewe akiwa kaburini. Hapo twaona wazi nishani ya haki yapaswa kupima nini. Isipime ni wangapi walioanguka mbele ya mtu, bali ni nani aliyeinuka kwa sababu yake.

Sasa na tumwendee mfalme Daudi, maana yeye alijua vita kuliko sisi. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, twasoma ya kuwa alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, nako kulikuwa na Wafilisti. Mashujaa watatu walipenya katikati ya adui, wakayateka, wakamletea. Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa machoni pake yalikuwa damu ya watu wale. Hakuwadharau kwa kufanya hivyo. Ndiyo heshima kubwa aliyoweza kuwapa. Alikiri ya kwamba tendo lao lilipita thamani ya mfalme na ya kiu yake.

Lakini sura ile ile ina neno la kutisha. Mwisho wake ni orodha ya mashujaa wa Daudi, na jina la mwisho katika orodha ile ni Uria Mhiti. Ndiye yule ambaye Daudi aliagiza awekwe mbele penye vita vikali, apate kufa, ili dhambi ya mfalme isifunuliwe. Jina lake limeandikwa kwa heshima katika orodha ya mfalme aliyemwua. Basi kila serikali itoapo nishani, na kila taifa lisimamapo kuwakumbuka mashujaa, kama sisi tarehe 25 Julai kila mwaka, na lijiulize, je, mikono iandikayo orodha hii ni safi? Waliokufa, je, walitumwa kwa haki? Na wajane wao wala nini leo? Nishani isiwe kifuniko cha deni lisilolipwa.

Twarudi kwa yule kijana. Hatukumwambia ya kuwa babu yake alikuwa shujaa, maana hatujui, na uongo hautakaswi kwa kusemwa na mchungaji. Nyota ile yasema tu ya kwamba alikuwako Burma. Lakini tulimwambia asikubali kuambiwa kwamba hakuwa shujaa, kwa sababu tu hakuna aliyeandika. Tulimwagiza aende akamwulize bibi yake, aliye hai bado, mambo ya babu aliporudi kutoka vitani.

Akaenda, akarudi kwetu baada ya majuma mawili. Bibi hakuwa na habari za mapigano, mzee hakuzisimulia. Alijua jambo moja tu. Kila mwaka baada ya mavuno mzee alipeleka debe la karanga kwa jamaa moja ya kijiji cha mbali, wasio ndugu zake. Ni jamaa ya mwenziwe ambaye hakurudi kutoka Burma. Katika mwaka wa njaa alipeleka nusu debe. Hakuacha hata alipokufa, wala hakueleza sababu.

Ndugu wasomaji, hatujui ni deni gani lililokuwa kati ya watu wawili wale. Mungu ajua. Lakini twaona ya kuwa kuna uaminifu usio na shahidi wala tangazo, udumuo miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Na mnunuzi hana mizani ya kuupima. Kijana ameiweka nyota ile sandukuni, haiuzi tena. Alituuliza kama jamaa ile ya mbali ingali ipo. Tulimjibu ya kwamba swali hilo aweza kulijibu yeye mwenyewe, mavuno yakifika.